Wifi Ukutani

"Wawili wawili, jamani! Shikaneni mikono!"

Mwenyekiti wa klabu ya ngoma alipiga makofi, na ukumbi ukajipanga chapuchapu. Nani acheze na nani hupangwa tangu Ijumaa kwenye grupu la simu. Usipokuwa kwenye grupu, unabaki ukutani, na ukiuliza utaambiwa hakuna aliyekukataa.

Fundi cherehani alikuwa na mwenzake tayari, mwalimu mmoja wa viatu vya kung'aa. Alijikaza asitazame ukutani. Akatazama.

Wifi yake alikuwa palepale, mjane wa kaka yake, anatabasamu peke yake kama anayepigwa picha. Jumamosi ya nne hii! Na aliyemleta nani? Fundi mwenyewe. "Wifi, toka ndani, njoo ucheze, huzuni itakumaliza." Maskini wa watu akitoka zamu ya kufua mashuka ya hospitali, anapiga pasi gauni, huyo, mbio.

"Wifi, wimbo huu tucheze?" mjane akamwuliza.

"Ujao, wifi. Huu nimeshaahidi."

"Haya. Lete basi huo mkoba nikushikie, utakusumbua."

Fundi akampa, na simu ikiwa ndani. Wimbo ukapigwa, ukaisha. Kabla hajafika ukutani, mwenyekiti akamvuta pembeni.

"Fundi, yule mama ni wa nani? Wiki ile nilimshika mkono, khaa! Msasa mtupu. Watu wananung'unika."

Ni dawa ya kufulia ile, imemla viganja. Fundi alikuwa na maneno hayo mdomoni kabisa. Lakini sketi thelathini za sare ya klabu zilikuwa zinasubiri fundi wa kuzishona, na mwenyekiti ndiye mwenye neno.

"Simjui vizuri," akasema. "Amejileta tu."

"Nilijua tu! Wewe huwezi kutuletea mtu wa hivyo." Mwenyekiti akatoa simu yake, akaanza kuandika.

Wimbo wa pili ukaanza, mwalimu akamzungusha. Alipogeuka mara ya tatu ndipo moyo ukamlipuka paa! Mkoba. Simu. Akamwona wifi anaitoa, anaisogeza karibu na macho, anasoma. Duara haliachwi katikati, lazima mzunguke mpaka mwisho, basi kila alipogeuka alimwona wifi kasimama vilevile, simu mkononi.

Wimbo ulipoisha alikwenda karibu anakimbia.

"Simu yako imelia," wifi akasema. "Nikadhani ni mteja." Kioo kilikuwa bado kinawaka, ujumbe wa mwenyekiti kwenye grupu: *Fundi anasema yule mama hamjui. Wiki ijayo aambiwe mlangoni tumejaa.*

"Wifi, sikiliza..."

"Nimeanika nguo, ngoja niwahi."

"Huu ni wetu! Njoo, tucheze huu!" Fundi akamnyooshea mkono, mbele ya watu wote.

Wifi aliutazama ule mkono. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma fundi.

"Hapana, wifi. Watakuuliza unacheza na nani."

Akamvalisha mkoba begani, akamnyooshea kola kama anavyofanya siku zote, akatoka.

"Fundi!" mwenyekiti akaita. "Ingia, unatuchelewesha! Na Jumatatu uje uchukue kitambaa."

Fundi akaingia. Nyimbo zilikuwa zimebaki tatu, akazicheza zote, na kila mtu alisema leo kacheza vizuri kuliko siku zote.