Matano Kupanda, Matano Kushuka

Siku hiyo mjinga alikuwa Klachi, na yeye mwenyewe hakatai. Kampuni yao ina magari ya kutumia kwa zamu: mwanachama analichukua gari uwanja huu wa maegesho, analiacha uwanja ule, na kazi ya madereva kama Klachi ni kuyahamisha, kutoka yalikorundikana hadi yanakosubiriwa. Asubuhi simu ikamwamuru: peleka magari matano uwanja wa hospitali, kule mlimani, kabla wauguzi hawajatoka zamu saa nane.

Akapanda na la kwanza. Kushuka je, kwa miguu? Akaona gari moja limeegeshwa pale, akashuka nalo. Akapanda na la pili, akashuka na la kwanza. Hivyo hivyo mara tano, jasho linamtiririka, mluzi mdomoni, anajiona shujaa. Wauguzi walipotoka walikuta gari moja tu, idadi ile ile ya alfajiri.

"Umeteka maji kwa pakacha, mwanangu," alicheka Shangazi, dereva mkongwe kuliko wote. "Tena kwa bidii!"

Meneja hakucheka. "Kesho wakikosa magari tena, niwekee funguo mezani uende zako."

"Basi bosi," akasema Klachi, "tupande watatu na magari matatu, turudi ndani ya moja."

"Marufuku! Programu ya simu inasema dereva mmoja, gari moja. Sitaki kuona dereva amekaa kiti cha abiria kama bibi harusi."

Klachi ana watoto watatu na mama mkwe asiyejua kunyamaza; kufukuzwa kazi si mzaha. Lakini kuliko afukuzwe kwa kutii, heri afukuzwe kwa kutumia akili.

Kesho yake akaizima simu, akawachukua Shangazi na dereva mwenzao, Ndevu. Matatu juu, moja chini; kila safari mawili yanabaki. Kufika saa saba, pamoja na moja lililolala pale, magari saba yalikuwa yamejipanga mlimani, yanang'aa kama meno ya mtoto.

Waliporudi, meneja alikuwa langoni, mikono kiunoni. "Wawili kwenye viti vya abiria! Nani kawaruhusu?"

"Mimi," akasema Klachi. "Na zamu yangu ya kukaa nimeifaidi, bosi."

"Lete funguo."

"Hizi hapa. Ila kwanza piga simu hospitali, uulize."

"Siulizi mtu! Dereva aliyekaa hafanyi kazi!"

Shangazi akashusha kioo taratibu.

"Jana dereva wako hakukaa hata dakika moja, meneja, na wauguzi wakarudi kwa miguu."