Spika za Nyuma

"Fundi, hata leo umenuna? Mwezi umeandama, mwenzangu! Cheka kidogo, meno yapate hewa."

Muadhini alikuwa akimtania, kilemba kipya kimemkaa upande. Fundi wa vipaza sauti aliendelea na kazi yake. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mimbari, kwenye uwanja wa sala ya Idi, akifuata waya kwa vidole. Spika mbili mbele kwa wanaume, mbili kule mwisho kabisa kwa wanawake. Huko mwisho ndiko alikoketi mama mkwe wake, ambaye tangu mazishi ya binti yake hajamwitikia salamu.

Na kosa lake lipi? Mkewe alipozidiwa, alimpigia simu mwenyekiti wa msikiti kuomba gari la wagonjwa, gari lililonunuliwa kwa michango ya waumini, na yeye akiwemo. "Gari lina kazi," akaambiwa. Mke akakata roho juu ya mkokoteni. Kisha mwenyekiti, na ulimi wake wa asali, akapita akieneza kwamba fundi hakupiga simu yoyote, alimchelewesha mkewe kwa ubahili. Wakubwa, bwana! Watakuua, halafu waseme kaburi ulijichimbia.

Mwezi mzima fundi alifunga na jambo hilo rohoni. Alikuwa akimjua mtu wake. Kila Idi, kabla ya kupanda kuzungumza, mwenyekiti huomba radhi pembeni, kwa kunong'ona, apate kusafishika kwa Mungu bila kuumbuka kwa watu.

Hotuba ya imamu ilipokwisha, wanaume wakarindimisha takbiri kwa vifua vyao. Fundi akazima spika za mbele. Za nyuma akaziacha. Maikrofoni akaishika kama anayeifuta vumbi.

"Idi njema, fundi wangu." Mwenyekiti aliinama, ananukia mafuta mazuri. "Nisamehe, ndugu yangu."

"Nikusamehe nini, mzee?"

"Si unajua."

"Mimi mtu wa nyaya. Nisipoambiwa sijui."

Mwenyekiti akatazama kushoto, akatazama kulia. "Ile simu. Ulipiga, nakiri. Gari lilikuwa linabeba viti vya harusi ya binti yangu. Nikaona aibu, nikakusingizia. Basi, yaishe."

"Wako aliolewa, mzee. Wangu alizikwa."

"Ndiyo maana nakuomba." Akamkumbatia. Fundi akajiacha akumbatiwe, mikono yake haikuinuka. Akampa maikrofoni, akawasha spika zote.

Kule nyuma takbiri za wanawake zilikuwa zimekatika. Kimya kikasogea mbele, safu baada ya safu, watu wakiinamiana masikioni, vichwa vikigeuka. Mwenyekiti alikwisha panda. Akasafisha koo.

"Assalaam aleikum, ndugu zangu!"

Hakuitikia mtu.

"Assalaam aleikum," akarudia, safari hii polepole.

Katikati ya safu, ndala zake mkononi, mama mkwe alikuwa anakuja mbele, na wanaume walikuwa wanakunja miguu kumpisha.