Nyumba Iliyopandisha Homa

Fundi alikuwa anapinda sketi ya shule pale ukuta wa chumba chake ulipopandisha homa. Aliugusa kwa kiganja, akaona unachoma, akasogeza cherehani katikati ya chumba na kuendelea na pindo lake.

Wiki iliyotangulia, hospitalini, walimpachika chini ya ngozi ya tumbo kifuko chenye seli za nguruwe, zimtengenezee insulini aliyoikosa tangu utotoni. Daktari alimwonya kwamba mwili una walinzi. Wakimshtukia mgeni huvimba, hupandisha homa, au humzungushia kovu mpaka akose pumzi. Mwili wa Fundi haukufanya lolote. Sukari ilitulia tuli kama maji mtungini. Iliyokataa ni nyumba.

Baada ya ukuta, mlango wa chumba cha Fundi ulivimba, ukawa haufunguki bila kupigwa bega. Kisha ukutani ikaota ngozi nyeupe, laini, yenye joto, ikatambaa kutoka sebuleni kuelekea chumbani kwake. Redio ikizimwa, ilisikika ikipumua. Mama mkwe, ambaye kwa usafi hana mpinzani, aliipangusa vumbi kila asubuhi. Sahani ya Fundi alishaitenga siku ile ile aliposikia habari za nguruwe.

Daktari alikuja, akaipima nyumba joto pale mlango unapokutana na ukuta, kama apimavyo watu kwapani.

"Vidonge vya kuwatuliza walinzi ninavyo," alisema. "Ila si vya Fundi. Mmeze ninyi wenye nyumba."

"Mimi siumwi," mama mkwe alisema.

"Ni kidonge kimoja tu, mama."

"Miaka yote nimemvumilia akiwa peke yake. Leo kaja na mwenzake, halafu dawa nimeze mimi?"

Mume wa Fundi alikipokea chake. Alimtazama mama yake, akakitia mfukoni.

Fundi aliyaona hayo kupitia upenyo uliobaki mlangoni. Hakutaka makuu, alitaka kukaa sebuleni na watu wake. Moyo ulimuuma kuliko sindano zote alizowahi kujidunga.

"Mume wangu, meza basi."

"Nitameza nikishakula."

Ngozi iliziba mlango kabla chakula hakijaiva.

Siku hizi Fundi hupokea vitambaa vya wateja kwenye dirisha la barabarani. Afya yake haijawahi kuwa nzuri hivi. Jioni mume huzunguka nje, humpa chai na kumjulia hali kwa upole wa kweli.

Jana, akipokea kikombe, Fundi aliona kingo za dirisha zimeanza kuwa nyeupe.

"Umeshakula?" alimuuliza.

"Bado," mume alijibu.