Turubai la Siku ya Nne

Mtaa wetu wa Nyuma ya Kinu, hapa Addis Ababa, haujawahi kuvunjwa kwa nyundo kabla ya kuvunjwa kwa karatasi. Nazikumbuka karatasi zote. Mfalme alipong'olewa, nikiwa darasa la pili, alikuja afande mmoja na mchoro wenye mstari mwekundu, na uwanja wetu wa mpira ukawa bohari la mbolea. Walipokuja waliomng'oa afande, nao wakaja na mstari wao wa buluu, na chemchemi tuliyofulia nguo ikawa maegesho ya malori. Hakuna aliyetupiga hata kofi. Walitukunjulia mchoro tu, nasi, watoto kwa watu wazima, tukaukodolea macho kama mbuzi anayesomewa hukumu. Ndiyo maana nikajifundisha kuchora. Shule yangu ilikuwa ile mistari iliyotuibia. Niliifuata mmoja mmoja mpaka nikajua inavyoiba.

Kwa hiyo Tsigereda aliponiita ofisini kwake, ofisi ya wasanifu wa mandhari, nilimwambia usoni kwamba sichori bustani za matajiri.

"Matajiri wana mbwa na kuta, Demissew," akasema. "Sisi tunachora pa kukaa watu. Njoo, au endelea kupiga kelele kwenye mikahawa."

Nikaenda. Tulikuwa watatu: yeye mwenye shahada, Nebiyu mjuzi wa miti, na mimi mwenye ulimi. Tulichora ngazi za vilimani ili wanawake wasiteleze na madumu, viwanja vya watoto, vibaraza vya kungojea maji. Kwa miaka tisa sikuona aibu kwa lolote nililochora.

Halafu likabandikwa tangazo. Mitaa yote iliyopakana na barabara mpya itaondolewa, isipokuwa mtaa wenye eneo la jamii lililokamilika na kupitishwa na mkaguzi. Masharti yalikuwa haya: mti mmoja kwa kila mita nne kwa nne, urefu wake usipungue mita tatu, uwe umekita ardhini ndani ya ukingo wa zege. Kaya mia tatu za Nyuma ya Kinu zikaning'inia kwenye miti ambayo ilikuwa bado haijapandwa.

Ardhi tambarare iliyobaki mtaani ilikuwa kipande kimoja, mita ishirini na nne kwa arobaini. Piga hesabu: miti sitini. Sitini kamili, bila hata mmoja wa akiba.

Tsigereda ana namna yake ya kufanya kazi, nami niliipenda kuliko zote nilizowahi kuona. Hachori mpaka watu wamesema. Alitengeneza mfano wa kiwanja kwa mbao na udongo, akauweka mezani, akampa kila mtu punje saba za maharage: weka punje pale unapotaka kitu. Watu walikuja kama harusini. Wakaweka punje kwenye bembea, kwenye kivuli, kwenye bomba la maji. Marehemu Etiye Beletech, mama mkubwa wa mtaa, wakati huo akiwa mzima na mdomo wake, aliweka zote saba kwenye benchi moja.

"Mama, gawa gawa!" Nebiyu akamwambia.

"Nigawe nini? Magoti yangu ni mawili, na yote yanataka kukaa."

Tukacheka. Tukahesabu punje, tukachora. Hakuna aliyeweka punje ya turubai la msiba.

Na nani angeiweka? Kwetu mtu hasimami mbele ya majirani, mchana kweupe, akaonyesha kidole: hapa tutaombolezea. Utamwona nani akifa unaposema hivyo? Mama yako? Mtoto wa jirani? Mdomo wa namna hiyo unapigwa kofi. Lakini kila mtu alijua, na mimi nilijua kuliko wote, kwa sababu nimezaliwa pale, kwamba kwenye kile kipande ndipo turubai la idiri, chama chetu cha kuzikana, linapowambwa tangu enzi za babu zetu. Mita nane kwa kumi na mbili. Siku tatu mchana na usiku, watu wanakaa na wafiwa. Mahali pengine pote mtaani ni vichochoro na miteremko.

Nilijua, na nikanyamaza. Niliona miti sitini, nikaona kaya mia tatu, nikasema moyoni kwamba hayo tutayapanga baada ya ukaguzi. Mimi, niliyewatukana watawala wawili kwa kuchora juu ya watu, nilichora juu ya wafu wangu kwa penseli niliyoichonga mwenyewe.

Miti ikapandwa. Nebiyu alichagua mizuri, akaizungushia mabeseni ya zege yanayofika magotini. Ukaguzi ulipangwa Alhamisi. Na Jumatano alfajiri tukasikia baragumu la idiri likipita vichochoroni, na sauti ya mpigaji ikitaja jina: Beletech binti Woldeyes. Alilala, hakuamka.

Ungekuwa msiba mwingine labda tungeomba, tungesogeza. Lakini huyo ndiye aliyetunza masufuria ya idiri kwa miaka arobaini. Hakuna nyumba ambayo hakuipikia siku ya kilio chake. Saa moja asubuhi wanaume walishafika na nguzo na turubai, wakasimama ukingoni mwa kiwanja kama watu waliokuta mlango wao umejengewa ukuta.

Mwenyekiti wa idiri ni Gashe Wubshet, Gashe kwa heshima ya uzee wake, aliyefanya kazi kinuni miaka thelathini akavuta unga mwingi kuliko aliokula. Akihema unamsikia toka ng'ambo ya njia. Aliitazama miti, akanitazama mimi.

"Demissew. Turubai linakaa wapi?"

Nikajifanya nakagua ukingo wa beseni.

"Nakuuliza wewe mchoraji. Au uliacha ulimi ofisini?"

Tsigereda aliyekuwa nyuma yangu hakuelewa. Akauliza, "Turubai gani?" Ikabidi nimweleze pale pale mbele ya watu, mambo ambayo ningemweleza miezi sita nyuma mbele ya ule mfano wa udongo. Uso wake ulibadilika polepole. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

"Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa nakuamini kwa sababu moja tu, kwamba hunyamazi."

Akatoka mbio kwenda ofisi ya ukaguzi kuomba tarehe isogezwe hata siku tatu. Alirudi baada ya saa mbili na jibu alilopewa dirishani: mji huu una misiba kila siku, tukisogeza kwa ajili ya kila maiti hatutakagua kitu.

Wakati huo wanaume walishajaribu kuwamba turubai juu ya miti. Matawi yakalitoboa sehemu mbili. Katikati ya mabeseni ya zege wanawake hawakuweza kufanya duara la kilio, wakawa wanajikwaa, na binti wa marehemu akaanguka akapasuka goti. Hapo likatoka neno lililokuwa likizungukazunguka.

"Tung'oe!"

"Ung'oe uone! Kesho mkaguzi anakuja, utalala wapi na watoto?"

"Na leo Etiye Beletech alazwe wapi kwa heshima? Barabarani, kama mbwa aliyegongwa?"

"Aliye hai kwanza, jamani."

"Nani kakudanganya wewe u hai?"

Nebiyu ndiye aliyeleta njia. Tuchimbue kumi na miwili tu, ile ya katikati, kwa taratibu, mizizi na udongo wake, tuifunge kwenye magunia yaliyoloweshwa. Siku ya tatu turubai likishuka tunairudisha, na haitajua kama ilitoka. Mkaguzi ataiona pale pale kando, hai, majani mabichi. Ataelewa. Ni mtu.

Gashe Wubshet akasema, "Kama ni mtu."

Tulivunja mabeseni kwa nyundo. Tsigereda alivua viatu vyake vya ofisini akachimba kwa mikono mizizi ilipokaribia, ili tusiikate. Kabla ya adhuhuri turubai lilikuwa limesimama, na watu walipotoka kuzika kanisani walikuwa na pa kuketi.

Mkaguzi alikuja Alhamisi saa nne. Kijana nadhifu, ametinda ndevu, ubao wa kuandikia kwapani. Na nisimsingizie: alifanya yote ambayo mila inataka. Aliinama mlangoni mwa turubai, akamwombea marehemu rehema, akaketi kimya kiasi cha heshima. Wanawake wakamletea ngano na dengu za kuchemsha, akala, hakuacha punje mkononi. Nilimwona Tsigereda akianza kupumua.

Halafu akainuka, akatoka nje, akaanza kuhesabu.

"Arobaini na minane," akasema.

"Na kumi na miwili hii hapa," Tsigereda akamwonyesha magunia. "Gusa udongo, mbichi. Ijumaa jioni inarudi shimoni. Mashimo yenyewe yale, unayaona."

"Nayaona, dada. Lakini sharti linasema uliokita ardhini. Mche ulio kwenye gunia si mti. Ni mzigo."

"Umekula msiba wetu sasa hivi!" nikamwambia. "Mkono wako haujakauka!"

"Nimekula kwa sababu nina mama," akasema, wala hakupandisha sauti. "Na naandika arobaini na minane kwa sababu nina mkubwa. Kaka, wewe ni mtu wa michoro. Ungenichorea mahali pa turubai, ningelikuta kwenye karatasi, ningelipitisha. Hapa kwenye karatasi hakuna turubai. Nimetafuta."

Akasaini. Nimegombana na watu wa serikali maisha yangu yote, na huyo ndiye wa kwanza kunishinda kwa kusema kweli.

Ijumaa mchana tingatinga likaletwa likaegeshwa barabarani, mdomo wake ukitazama kwetu. Barua ikabandikwa kwenye nguzo ya umeme: uondoaji unaanza mara tu shughuli ya msiba itakapokwisha. Walikuwa waungwana, unaona. Hakuna dereva katika nchi hii atakayepeleka chuma juu ya turubai la msiba, na waliomtuma walijua. Dereva mwenyewe, mtu wa makamo kutoka Gojam, alizima injini, akaja kuketi nasi akapewa chakula.

Jioni ile ndiyo siku ya tatu, siku ya kushusha turubai. Wanaume walifika kwenye kamba. Gashe Wubshet alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na nguzo ya kati.

"Acheni," akasema.

"Gashe, siku tatu zimetimia."

"Nimesema acheni kamba. Nani amewaambia msiba umekwisha?"

"Sasa tunamlilia nani tena?"

"Mtafuteni." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Mtaa wa kaya mia tatu mnakosa mtu wa kufa? Zamani mlikuwa mnakufa hovyo bila hata kuombwa."

Mtu akacheka, na wengine wakafuata, kicheko cha watu wenye njaa ya kucheka. Fundi viatu mmoja akasema mama mkwe wake yupo tayari, amletee hata sasa. Mwingine akasema idiri ipige kura kwa maharage. Gashe Wubshet alisubiri wamalize.

"Msihangaike," akasema. "Nina mapafu ya kinu. Nipeni wiki moja."

Kicheko kikakatika.

Siku ya nne turubai lilisimama, na siku ya tano. Wanawake waliendelea kuchemsha ngano. Tsigereda alikuwa ofisini mchana kutwa akichora upya: miti sitini ileile, mingine ikiwa imesogezwa ukingoni, na katikati mstatili mweupe, mita nane kwa kumi na mbili, umeandikwa waziwazi: turubai la msiba. Alikuwa akiupeleka dirisha hadi dirisha. Walimwambia auache, utasomwa kwa zamu yake. Zamu yake ni lini? Hawakujua. Nebiyu alimwagilia magunia asubuhi na jioni, na bado majani yakaanza kujikunja.

Siku ya sita niligundua kwamba Gashe Wubshet hamezi dawa zake za kifua. Vidonge vya siku tatu vilikuwa chini ya mkeka aliolalia mle turubaini, maana alikataa kurudi nyumbani. Midomo yake ilikuwa imeingia rangi ya majivu. Nilimwita Tsigereda. Akaja na kikombe cha maji, akapiga magoti mbele yake kama binti yake.

"Gashe, meza. Nakuomba."

"Nikimeza, nitapona?"

"Utapumua vizuri."

"Nikipumua vizuri, utaliambia nini lile tingatinga?"

"Nimepeleka mchoro mpya. Wakiusoma tu..."

"Mwanangu, mimi naelewa michoro kuliko unavyodhani." Alimshika mkono, si kwa ukali. "Ule wa kwanza ulikuwa mzuri sana. Benchi lilikuwa zuri. Sasa niache nifanye kazi ninayoiweza."

"Hii si kazi! Gashe, hii ni dhambi, na mimi ndiye nitakayeibeba!"

"Basi tubebeane," akasema, akageukia ukuta wa turubai.

Tsigereda alinitazama nimsaidie. Alingoja nipige kelele, nimshike mzee taya, nimwambie mtaa mzima kwamba hatuwezi kununua ardhi kwa pumzi ya mtu. Maneno yote hayo ninayo. Ningeweza kuyasema hadi jioni. Lakini nyuma yangu walikuwa wameketi watu, mama wenye watoto migongoni, wanaume waliokwisha kufunga magodoro kwa kamba, na hakuna hata mmoja aliyesema, mmezesheni.

Nje dereva aliwasha injini, kama afanyavyo kila asubuhi ili isigande. Ikanguruma, turubai likatetemeka kidogo. Na wote mle ndani tukageuza macho kwenye kifua cha Gashe Wubshet, kuona kama kinapanda.

Nami nilitazama pamoja nao.