Chama cha Nguvu

Kabla ya alfajiri kitanda cha juu kilianza kulia: kwii, kimya, kwii, kimya. Jerioth, aliyelala kitanda cha chini, hakuwasha taa. Alijua ni Monicah anafanya mazoezi ya tumbo, na kwamba akimaliza atashusha pumzi kama mtu aliyetua kuni, kisha aseme, "Mama Vale, amka. Chai haijipiki."

Hosteli yao ilikuwa mtaa wa Shumaisi, Riyadh, orofa ya juu kabisa, mahali ambapo joto hupanda na maji hayapandi. Kampuni yao ya usafi ilikuwa imewakodisha kwa jimu ya wanawake kule Olaya. Huko walipiga deki, walifuta jasho la wenyewe kwenye mashine, na kupitia vioo walimtazama mwalimu akiwahimiza wateja, "Yalla, yalla, bado kidogo!" Walichokiona kwenye vioo wiki nzima walikifanya wenyewe Ijumaa asubuhi juu ya paa, kati ya matangi na nguo zilizoanikwa. Vyuma vyao vilikuwa mitungi ya mafuta ya kupikia iliyojazwa mchanga. Rita, mwenzao wa chumba, ndiye aliyehesabu, kwa sababu alikuwa na sauti ya kanisani. Emmaculate, mfanyakazi wa nyumbani Jeddah, alikuwa rafiki yao tangu siku ya kupanda ndege. Yeye alijiunga kwa simu iliyoegemezwa kwenye tangi, akichuchumaa pamoja nao ndani ya stoo ya madam wake, baina ya magunia ya mchele.

Nguvu zilianza kuhama wakati wa baridi. Monicah alishikwa na homa, mwili ukawa kama nguo mbichi, lakini ruhusa ya ugonjwa ikawa mafi, yaani hakuna. Akaenda kazini hivyo hivyo. Alipiga deki ukumbi mzima na ngazi zake bila kupumzika, tena akiimba. Saa ile ile Jerioth, aliyekuwa vyooni, alishindwa kukamua kitambaa. Rita aliangusha ndoo mapokezini. Jeddah, Emmaculate aliketi kwenye ngazi akiwa na ufagio mapajani na hakuweza kuinuka. Jioni walipoulizana habari za siku, jambo likawa wazi: Monicah alikuwa ametumia nguvu zao.

"Si ungeomba," Rita alisema.

"Ningeomba na mdomo gani? Nilikuwa nakufa."

"Umetumia hata za Jeddah! Mlafi wewe."

Wakacheka, na kwa kuwa ni wanawake wa Kenya, chai haikuisha kabla hawajaanzisha chama. Kila Ijumaa baada ya mazoezi walishikana mikono, Emmaculate akiwa kwenye simu, wakamchangia mmoja wao, naye akawa na nguvu za wote mpaka jua la Jumamosi lizame. Wale wengine walifanya kazi polepole, wakiegemea kuta. Rita alitumia zamu yake kusogeza kabati la chuma lililokuwa limeziba dirisha, na chumba kikapata hewa. Emmaculate alimbeba mama mzee wa madam mpaka juu ya nyumba, kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu na ajuza alitamani upepo. Alilalamika tu kwamba nguvu za Riyadh hufika Jeddah zimechelewa na zina vumbi.

Kisha ikafika zamu ya Jerioth, na hakuna aliyemuuliza anaitakia nini. Mkataba wake ulikuwa umeisha, kisha ikama, kibali chake cha kukaa nchini, nayo ikaisha, na bila ikama hai hakuna kupanda ndege. Alimwacha binti yake, Valentine, kwa nyanya yake, mtoto akiwa bado ananyonya. Sasa mtoto alikuwa anajivalisha viatu. Kila Jerioth alipoulizia mambo yake, yaani pasipoti, ikama mpya na ruhusa ya kutoka nchini, Hillary, msimamizi wao, mtu wa Eldoret mwenye upole wa kuchosha, alimjibu, "Yote yako ndani ya sefu, dada yangu. Bosi akija. Bukra, kesho."

Sefu ilikuwa ofisini kwa kampuni, mtaa wa Murabba. Wanawake walilichukua jambo kama lilivyosemwa: kati ya Jerioth na nyumbani kulikuwa na chuma.

"Kama ni chuma," Monicah alisema, "chuma tunakijua."

Ijumaa ile walimpa zote. Hata Emmaculate, aliyekuwa na wageni wa kuandalia, alisema, "Beba, Mama Vale. Mimi nitawaambia ni mgongo."

Jumamosi asubuhi Jerioth aliingia ofisini, akamsalimu Hillary, akapita nyuma ya meza yake. Alichuchumaa kama inavyotakiwa, mgongo wima, visigino chini, akainua sefu na kuiweka mezani kando ya kikombe.

"Pole pole na hiyo meza," Hillary alisema.

"Fungua."

"Ufunguo uko na bosi. Bosi yuko Jeddah."

Jerioth aliuvuta mlango, ukabanduka kama kifuniko cha kopo. Ndani mlikuwa na pasipoti zilizofungwa kwa mipira. Akaitafuta yake, akaipata. Kwenye picha bado alikuwa na mashavu.

"Sasa nipe ikama na ruhusa ya kutoka."

Hillary aliipuliza chai. "Dada, hizo si vitu vya kushika. Bosi anabonyeza simu yake, halas, zinatoka. Asipobonyeza, hazitoki."

"Uliniambia ziko kwa sefu."

"Nilikuambia ndio utulie."

Jerioth alitazama pande zote za chumba akitafuta kitu kingine cha kuinua. Palikuwa na viti na mtungi wa maji. Nguvu za wenzake zilisimama mikononi mwake, zikingoja kuambiwa la kufanya.

Hillary alimpigia bosi akamweleza yote. Bosi aliuliza kama mlango wa sefu unatengenezeka. Halafu akauliza mwanamke huyo anaweza kusafisha sakafu kiasi gani kwa siku.

"Bosi anasema hongera," Hillary alisema, akikata simu. "Kuanzia kesho orofa zote za jimu ni zako. Monicah na Rita watapelekwa kwingine. Na hiyo pasipoti iache, nitaiweka kwa droo."

"Hii siachi."

"Haya, kaa nayo. Bila ikama utasafiri nayo wapi? Olaya?"

Alirudi Shumaisi kwa miguu. Jua lilikuwa bado juu, na nguvu za watu si za kumwaga. Akapandisha mitungi ya gesi ya jengo zima, pamoja na ile ya Wabangladeshi wa chini, kisha akakanda unga wa chapati za waliochanga. Wao walikuwa wamelala chali kama matambara yaliyokamuliwa.

"Umepata?" Rita aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimepata kitabu. Ruhusa haina uzito, haibebeki." Kisha akawaambia habari ya orofa.

Monicah alimgeuzia uso. "Ijumaa ni zamu yangu. Ichukue wewe."

"Zamu ni zamu. Kula."

Magharibi nguvu zilianza kumtoka, moja moja, naye aliitambua kila moja ya nani. Ya Emmaculate iliondoka mwisho. Ilikuwa na safari ndefu. Mikono ilipobaki yake peke yake, alipiga simu nyumbani. Mama yake aliishika simu mbele ya mtoto. Valentine aliutazama uso wa Jerioth uliojaa kwenye kioo, akaugusa, akaigeuza simu akachungulia upande wa nyuma, kisha akageuka.

"Shosho," alimwambia nyanya yake, "mama hana miguu."