Mafuta ya Mbuta

Soko zima la Kibuye lilijua kwamba hakuna aliyekaanga mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, kama Mama Selpha. Mafuta ya dukani hakuyataka. Aliyatoa tumboni mwa samaki mwenyewe, akayayeyusha mpaka yakawa manjano, kisha akavikaanga vipande humo, na wateja wakala huku wakilamba vidole bila aibu.

Nyumbani kwake, mtaani Manyatta, hata hivyo, kulikuwa na mtu ambaye hakuonjeshwa tone: Wamaitha, mke wa mwanawe Oduor, mjamzito wa miezi saba. Oduor aliendesha trekta la miwa huko Muhoroni na kurudi Jumamosi tu, kwa hiyo wanawake hao waliishi wawili, na walipendana kweli. Majirani waliotabiri kwamba Mjaluo na Mkikuyu watakwaruzana jikoni walisubiri mpaka wakachoka.

Selpha alimchemshia samaki, akaengua kwa kijiko mafuta yote yaliyoelea. Njugu alizificha. Maparachichi yaliyotumwa na wazazi wa Wamaitha kutoka Nyeri yaliishia kwa majirani. Huo haukuwa uchoyo hata kidogo, ilikuwa hofu. Binti yake Rosa alikula vizuri alipokuwa na mimba, mtoto akawa mkubwa, akakwama, na wote wawili wakazikwa siku moja. Tangu hapo Selpha aliamini kwamba mafuta ndiyo yaliyomuua mwanawe, na mtu angemwambia nini? Wamaitha aliijua habari hiyo. Alikunywa ule mchuzi mwepesi na kusema asante.

Siku ya kliniki walikwenda pamoja. Nesi, Sista Nakhungu, alilipima tumbo, akalipima tena, akakunja uso.

"Mtoto ni mdogo," alimwambia Wamaitha. "Na wewe hujaongeza kilo. Nyumbani unakula nini?"

"Ugali, mboga, samaki ya kuchemsha."

"Na mafuta? Njugu? Avokado?"

Wamaitha alitazama sakafu. "Mimi ndio sipendi mafuta, Sista. Inanichefua."

Selpha alimgeukia. Msichana huyu, ambaye kila siku alipita karibu na karai akimeza mate, alikuwa anajitwika kosa ili mama mkwe wake asiaibike! Selpha angeweza kunyamaza, na pasingekuwa na wa kumuumbua. Lakini machozi yalikwisha kumlengalenga.

"Anadanganya, Sista," alisema. "Ni mimi. Mimi ndio natoa mafuta yote." Akaeleza habari za Rosa, mwanzo hadi mwisho.

Nesi alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Pole sana, mama. Lakini huyu mtoto anajijenga na chakula ya mama yake. Mwili, ubongo, hata macho, yote inataka mafuta, na ile ya samaki ni mzuri. Ukimnyima, atazaliwa bila nguvu."

"Na akikwama?"

"Kukwama si kwa sababu ya kijiko ya mafuta. Ni nyonga ya mama, ni vile mtoto amelala, ni kuchelewa kufika hospitali. Uchungu ikianza, mlete mapema. Tutakuwa hapa."

Jioni ile Selpha alimwekea Wamaitha kipande cha mbuta wa kukaanga. "Kula, nyathina," alisema, yaani mwanangu, kisha akatoka nje kuomba Mungu, maana akili ilikuwa imekubali ila moyo ulikuwa bado unabisha. Aliporudi, Wamaitha alikuwa anafyonza mifupa, kidevu kinang'aa, na akaomba kingine.

Tumbo likachomoza. Kila lilipochomoza Selpha alifurahi, na kila alipofurahi aliogopa.

Uchungu ulipoanza, alimfikisha hospitali mapema hivi kwamba wauguzi walimcheka na kumwambia arudi nyumbani. Alikataa katakata. Oduor alimkuta kwenye benchi ameshika leso mdomoni.

Hatimaye Sista Nakhungu akatoka anatabasamu. "Msichana, mama. Kilo tatu na nusu, mashavu yamejaa!"

Oduor aliruka juu. Selpha hakutikisika.

"Huyo nitamuona," alisema. "Wangu je? Wamaitha anaongea?"

Kabla nesi hajajibu, sauti ya uchovu ilipenya mlangoni. "Mama, niko. Nasikia njaa."

Selpha alikaa chini pale pale sakafuni, akalia kwa sauti.