Kabichi za Mheshimiwa

Mama Pilipili alizikuta kabichi zake zimebanana kwenye toroli kama abiria, vichwa juu, mizizi imekatika, udongo ukidondoka. Vijana wa mwenyekiti walikuwa wamemaliza nusu ya shamba na bado wanachimba.

"Nyie! Mnamzika nani humo?"

"Tunahamisha tu, mama. Kamuulize mwenyekiti."

Mwenyekiti wa kijiji, mdogo wake marehemu mumewe, alisimama kando ya barabara kuu ndani ya koti zito, jua likimchoma, akionyesha pa kupanda. Hapo ndipo palipotakiwa kuwa na mradi wa mboga wa kijiji. Pesa za mradi zilikuja mwaka jana, zikapita kwa mwenyekiti kusalimia, zikanogewa, zikabaki huko huko.

"Shemeji, kabichi zangu."

"Zetu, shemeji. Waziri anapita leo. Asipoona kitu hapa, kijiji kizima tumekwisha."

"Kijiji kizima, au wewe?"

Vijana wakacheka, kisha wakakumbuka nani kawaita.

"Mahindi yangu yote yameungua na jua," alisema Mama Pilipili. "Hizi ndizo zilizobaki. Mchuuzi anazifuata kesho na lori. Asipozichukua, watoto wa kaka yako watakula nini?"

"Waziri akishapita, zichukue. Kwani zina miguu?"

"Hazina. Na mizizi sasa hazina."

Bwana shamba, aliyeitwa kuupamba mradi, alikuwa ameshika kabichi moja. Akautazama mzizi, akamtazama mwenyekiti, akainama akaipanda.

Msafara ulipita mchana, vioo juu, mbio kama unafukuzwa. Akina mama walioambiwa wapige vigelegele walifungua vinywa, vikajaa vumbi. Kigelegele kikaishia kwenye kikohozi. Hakuna gari hata moja lililopunguza mwendo.

Mama Pilipili hakungoja vumbi litue. Alipiga magoti na kapu lake. Majani yalikuwa yamelegea, lakini vichwa vilikuwa bado vigumu. Vikilala kivulini, mchuuzi angevikubali.

Buti la mgambo likakanyaga ukingo wa kapu.

"Acha, mama. Waziri atarudi kwa njia hii hii."

"Lini?"

"Sijui. Mwenyekiti amesema zisiguswe. Za serikali hizi."

"Serikali ilizipalilia lini? Mbona sikuiona shambani na jembe?"

Mgambo alitazama pembeni. Alikuwa jirani yake. Mkewe huazima chumvi kwake. "Usiniponze, mama. Na mimi nina watoto." Akamsogezea ndoo. "Amesema wewe ndiye umwagilie. Zikinyauka, ni hujuma hiyo. Utalala ndani."

Alimwagilia mpaka jioni. Asubuhi mgambo akamfuata tena.

Lori la mchuuzi lilifika jua likiwa kali. Mchuuzi akatoa kichwa dirishani. "Mama Pilipili! Nimetoka shambani kwako, kuna mashimo matupu. Mzigo wangu uko wapi?"

"Huu hapa! Shuka, kata mwenyewe, upakie!"

Mchuuzi alimtazama mgambo. Mgambo akatikisa kichwa.

"Pole, mama," mchuuzi alisema. Hakuzima hata injini.

"Ngoja! Baba, ngoja kwanza!" Alilikimbilia lori, maji ya ndoo yakimrukia miguuni, mpaka likapotea kwenye kona.

Aliporudi, majani ya nje yalikuwa yamegeuka manjano, na kabichi kadhaa zilikuwa zimeanza kunuka.

"Umemwaga maji, mama," mgambo alisema kwa sauti ya chini. "Kachote mengine."